Pombe Niliyokunywa Kalembe

Dada Riziki,

Tangu tukuzike pale Kingi, maharagwe yameota, shule imefunguliwa madarasa mawili tu kwa sababu kwenye mengine wanaishi wakimbizi, na mimi nimeharibu kazi yako ya kuwatetea wasichana wabaki shuleni. Naanza na hilo. Hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Unamkumbuka Furaha wa Kalembe, yule wa darasa la sita aliyekusahihisha hesabu ubaoni mbele ya wazazi? Ulivimba, halafu ukacheka njia nzima. Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba baba yake asimtoe shuleni. Nilifanya kama ulivyonifundisha: salimia, kaa, pokea unachopewa, maana ukikataa kikombe cha watu hawakusikilizi. Nikakuta wageni na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikanywa. Nikaongeza cha pili, ilikuwa tamu.

Sikuuliza imeletwa na nani. Wewe ungeuliza.

Ilikuwa pombe ya uchumba. Wageni walikuwa watu wa upande wa mwanamume, na kila aliyekunywa siku ile amekuwa shahidi wa ndoa. Nilipoanza kusema habari ya masomo, baba yake akanitazama kwa upole kabisa. "Mutoto yangu, na weye ulikunywa. Sasa unakataza nini?"

Wageni wakacheka. Furaha alinisindikiza mpaka kwenye daraja la miti. Pale akaniuliza, "Dada, sasa nani iko upande yangu?"

Nikavuka daraja, nikamwacha pale.

Nimekukasirikia, ujue. Homa ya siku nne tu, ukaniachia kazi ya watu wawili. Halafu nalia, maana ningefurahi hata unigombeze.

Mama yako ameniambia pombe hurudishwa. Aliyekunywa bila kujua huleta nyingine, hupiga magoti mbele ya familia zote mbili na kuondoa ushahidi wake. Wazee wakikubali, ndoa inasitishwa kwanza, na Furaha anaweza kufika kwenye mtihani. Lakini anasema pia kwamba aliyerudisha pombe hakaribishwi tena katika nyumba za Kalembe. Na kwenye nyumba hizo kuna wasichana wengine, dada. Nimewaza hilo mpaka kichwa kinauma. Ila nitawaambia nini hao wengine, kama huyu nimemwoza mimi mwenyewe?

Jumamosi napanda Kalembe na bidoni ya lita ishirini ya kasiksi mgongoni. Naogopa, sikufichi. Watanicheka, pengine watanifukuza.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi nitapiga magoti nikimtazama Furaha, si baba yake, na sitainuka mpaka wanijibu.

Mdogo wako wa kazini,
Mwamini