Shanga kwenye Mdomo wa Gobole

Jumamosi, baada ya kula

Haibanduki! Nimekwangua kwa kisu mpaka kidole kimechubuka.

Nguruwe mwitu walikuwa wanatumalizia mahindi, na baruti niliyoruhusiwa na boma la Wadachi ilitosha kupiga mara moja tu. Gobole lenyewe la kuazima, la baba mkwe. Sasa gizani, mdomo wa bunduki huuoni, utalengaje? Kwanza nilifunga unyoya mweupe wa kuku, upepo wa mlimani ukauchukua. Juzi nikabandika kidonge cha ugali, panya wakakila kabla sijatoka nyumbani.

Jana mke wangu, Anastazia, akafungua uzi wa kiunoni mwake, akachomoa shanga moja nyeupe. "Igandishe kwa ulimbo, mume wangu."

Jamani, ilionekana kwa mwanga wa nyota tu! Nikafyatua, dume la nguruwe likalala palepale. Leo majirani wote wamekula nyama.

Lakini kesho namrudishia mzee gobole lake, na shanga iko pale mbele. Akiniuliza imetoka wapi?

Nimembembeleza Anastazia alipeleke yeye. Amecheka mpaka kashika mbavu. Anasema shanga ni yake, bunduki ni ya baba yake, ila aibu ni yangu peke yangu.