Muhuri wa Mwenyekiti

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Magoti yameamkaje? Mimi mzima, nimenenepa hadi mkanda unalalamika. Hapa saluni wateja sasa wananiachia shingo zao bila kusali kwanza.

Unauliza kwa nini siji kukaa nyumbani. Kila asubuhi napanga foleni kwenye dirisha la kliniki ya serikali. Nesi ananimiminia dawa kikombeni, nainywa mbele yake, halafu lazima niseme neno ndipo aamini nimemeza. Mimi humwambia, "Nesi, leo umependeza." Dawa haibebwi nyumbani, na huko kwetu haipo. Ndiyo inayonizuia nisitamani unga. Miezi minane sijaugusa, mama.

Mwanao, kinyozi

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, yananikumbusha umri wangu hata nisipouliza.

Jumapili mwenyekiti wa mtaa aliwasimamisha kikaoni wazazi wote wenye watoto wa unga. Nikaapa mbele ya watu kwamba wangu amepona, hatumii chochote, nikatia dole gumba daftarini. Walinipigia makofi! Miaka sita nimekuwa nikipita njia za nyuma. Sasa muuza mkaa anasema hiyo dawa yako nayo ni unga, umebadilishiwa kikombe tu. Nitolee aibu, baba. Iache, uje ukae nami watu wakuone.

Mama yako

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kuondoka hapo nyumbani bila kuaga. Siku kumi na moja ulinifuta jasho na kuwaambia wageni ni malaria. Nilishindwa.

Nimerudi dirishani. Nesi anasema nimekosa siku nyingi, faili limefungwa. Ili nianze upya wanataka barua ya mwenyekiti wa nyumbani, yenye muhuri, kwamba mimi ni mtumiaji. Nimempigia. Anasema daftari lina dole lako kwamba situmii, na yeye hagongi muhuri kinyume cha kikao.

Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda useme uliapa vibaya. Mikono inatetemeka, mwenye saluni ameninyang'anya mashine, sasa nafagia nywele. Jana nilipita kijiweni. Nilipita tu.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeninyima usingizi.

Kikao ni tarehe kumi na nane Mei. Ningeweza kumfuata mwenyekiti kwake, lakini wiki hii mtoto wa dada yako anaposwa, na wakwe wakisikia watakimbia. Jikaze kidogo tu. Nikishamaliza la posa nitasimama, nakuahidi.

Mama yako

27 Mei

Mwanangu,

Kukujulia hali siwezi, na barua bila salamu sijui kuiandika.

Mwenye saluni alinipigia tarehe kumi na mbili. Alikukuta stoo, umeshapoa. Nesi wako alikuja kukuzika. Alinieleza kwamba ulirudia kipimo chako cha zamani cha unga, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Alilia kuliko dada yako.

Kibali cha maziko mwenyekiti alikigonga muhuri mlangoni kwake, na kandambili miguuni, bila kikao. Nikamuuliza, "Kumbe inawezekana?" Akasema, "Pole, mama."

Tarehe kumi na nane nilikwenda kikaoni hivyo hivyo. Nikasema niliapa vibaya, mwanangu alikuwa anatumia dawa na ilikuwa inamponya. Wakaniandikia barua. Ninayo hapa, sijui niipeleke wapi.

Tulipotoka, mama mkwe mtarajiwa wa mjukuu wangu alinishika mkono. Akaniambia kwao walikuwa wanajua habari zako tangu kabla ya posa, kwa sababu kijana wao wa kwanza naye hunywa dawa kwenye dirisha lile, na asubuhi nyingi alisimama nyuma yako kwenye foleni.

Nilikuua kwa kuona haya, mwanangu.

Mama yako