Dosye Yangu Mbele ya Madaktari

Kasongo, tarehe 9 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Cécilia,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku Maniema. Habari za Lubumbashi? Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji Emile amepona kile kikohozi? Huku watoto ni wazima. Héritier ameanza shule. Benita ana miezi tisa, anasimama kwa kushika kiti.

Mimi niko tu. Ule uvimbe niliokuambia ni maziwa yameganda, ni kansa. Walikata kipande kidogo kikaenda kupimwa, jibu likarudi baada ya wiki tano. Bado sijalia. Nafua, napika, na watu wakinisemesha nawasikia kama wako nyuma ya ukuta.

Benita nimemwachisha ziwa. Ananivuta blauzi, nami namgeuzia mgongo. Hilo tu ndilo linalonichoma.

Sasa sikia. Muuguzi Louise aliniambia dosye yangu, yaani karatasi zangu zote za ugonjwa, itapita barazani Alhamisi. Nikampigia mama mkwe kule Kabambare, nikamrudishia maneno yale yale. Unajua kwetu dosye ya mtu ikipita barazani ni nini. Mama akaelewa nimeshitakiwa. Akapanda pikipiki na kuku wawili wa kuniombea msamaha, akalala njiani, akaingia moja kwa moja walimokaa madaktari na kupiga magoti.

"Huyu ni muke wa mutoto wangu. Kama alikosa, mimi ndiye nilimufundisha vibaya. Mupokee hawa kuku, mumuachilie."

"Mama, simama. Huyu iko mugonjwa, hana kosa," dokta wa kupasua akamwambia.

"Basi mbona muko watano juu ya mutu moja?"

Walicheka. Mimi sikuweza. Lakini wakamweleza polepole, na ndipo mimi pia nikaelewa. Anayejua kupasua si bingwa wa dawa za kansa. Wa dawa yuko Kinshasa, tulimwona kwenye simu. Mwingine ndiye aliyepima kile kipande. Louise ananiangalia kila siku, na kuna mama mmoja kazi yake ni kunisikiliza. Kila mtu akienda njia yake, mmoja atakata leo, kesho mwenzake aseme ilifaa kuanza na dawa. Kwa hiyo wamekubaliana: kwanza dawa ya kuingizwa mshipani, uvimbe upungue, halafu wapasue.

Mama akauliza, "Na siku ya dawa, mutoto atabaki na nani?" Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Wakaandika jina lake kwenye dosye, Marie-Thérèse, chini ya madaktari. Amebaki nami. Kuku tumewala.

Yaya, sasa ni zamu yako. Waliniuliza mama yetu alikufa na nini. Nikasema jipu. Louise akauliza: jipu la wapi? Nilikuwa na miaka sita. Wewe ndiye uliyemwosha pamoja na shangazi.

Nakuheshimu kama mama, lakini hapa sikubembelezi. Niandikie ukweli. Najua mliona haya. Baraza litakaa tena tarehe 26, na jibu lako litawasaidia kuamua kama wachunguze na ziwa la pili. Usinipigie simu. Utalia, nami nitakutuliza, na neno halitatoka. Grégoire, anayekuletea barua hii, atarudi tarehe 20. Mpe jibu mkononi.

Na kama lilikuwa ziwa, usiishie kuniandikia. Nenda hospitali nawe wakuangalie, wiki hiyo hiyo. Usiniambie huna kitu. Mimi pia nilisema ni maziwa.

Baba yake Héritier anakusalimu kutoka Lusangi. Nisalimie Jeannette na shemeji Emile. Mungu akupe nguvu ya kushika kalamu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,

Laetitia