Tarumbeta la Baba Kwenye Baa ya Hilaria

Nyumbani kwa Mzee Anaeli,
Marangu,
Moshi.

18 Novemba 2025

Mpendwa dada Yuditha,

Shikamoo dada. Habari za Mtwara, na habari za joto la huko? Natumaini shemeji Antoni na Kindness hawajambo, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Punguza zamu za usiku, wagonjwa hawaishi na wewe ni mtu kama wao.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mwanangu Evelyn anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini ukimwambia akae ndani anakuona mchawi. Mvua za vuli zimekuja na upepo, zimelaza migomba yote ya kule chini kwenye mfereji. Ng'ombe amezaa dume tena. Najua unacheka.

Ujumbe wako niliupata. Uliuliza bendi inaendeleaje na baba anaendeleaje, ukayauliza pamoja kama swali moja, na kweli ni swali moja. Sikujibu kwa simu kwa sababu baba anashinda pale barazani, na ukimsema mtu ilhali anakusikia unakuwa huna adabu. Nimeona niandike.

Nianze na yanayochekesha. Bendi yetu, dada, haikufika popote.

Unajua tulivyoianzisha. Siku ya kumzika mama, baba alikaa na sisi wafiwa, maana kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika mwenye msiba hapigi. Mtu aliyesindikiza maiti za Marangu nzima kwa tarumbeta lake, siku ya mke wake anakaa kwenye kiti. Vijana wakapiga, wakauharibu ubeti wa pili. Wewe ulikuwa mbele na kina shangazi, hukuona. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikaona vidole vyake vitatu vinabonyeza gotini, wimbo mzima, bila kukosea.

Baada ya hapo akaacha kuongea, na vijana wakamwambia sasa apumzike, wao wataendelea na kikundi. Lakini vidole havikupumzika. Mezani vinabonyeza, kanisani vinabonyeza, hata akishika kikombe cha chai vinabonyeza. Nilipokusimulia ukasema nimpeleke popote, hata baa, mradi atoke kwenye kile kiti. Basi nikampeleka baa. Mimi gitaa, Basili wa Kibosho kuimba, Ronald ngoma, na baba na tarumbeta lake. Tukajiita Kihamba Bendi, kwa jina la shamba la migomba la nyumbani.

Baa ya kwanza ilikuwa mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Mwenye baa alitukaribisha vizuri, akatupanga chini ya televisheni, halafu mpira ulipoanza akaiwasha. Watu wote walituangalia sisi, kumbe wanaangalia juu ya vichwa vyetu. Basili alimaliza wimbo wake wa kwanza sekunde ile ile goli lilipoingia, baa nzima ikaruka na kupiga kelele, naye akainama mara nne kushukuru. Mpaka leo hajakubali kwamba lilikuwa goli.

Ya pili ilikuwa mtaa wa Mawenzi. Pale baba aligoma kuanza bila sala. Alisimama katikati ya baa na suti aliyoivaa kwenye harusi yako, akasema "Tuombe," na watu wakafumba macho na chupa mkononi, hawajui waziweke chini au la. Aliomba kama anafungua mkutano wa usharika. Alipomaliza, mzee mmoja akajibu Amina kwa nguvu na kuagiza nyingine. Wimbo wa pili haujaisha simu ya Ronald ikalia, kuna wageni wanapanda mlima na mpagazi mwenzake mmoja anaumwa tumbo. Ronald aliinuka na kuondoka na kofia yake, fimbo za ngoma akaziacha juu ya kiti. Basili akamalizia kwa kupiga kreti la bia. Hatukuitwa tena.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Msimu wa wageni hatuna mpiga ngoma, wageni wakiondoka hatuna baa. Mimi sikujali hata kidogo, kwa sababu baba alikuwa anatoka. Alikuwa anapaka viatu rangi tangu Ijumaa. Alikuwa ananiuliza, "Jumapili tunapiga wapi?" na mimi nikisikia swali hilo nilikuwa nashiba bila kula.

Halafu Hilaria akatuita hapa hapa nyumbani, kwenye baa yake ya karibu na soko, Jumapili mchana baada ya ibada. Nilifurahi mno, na nilipaswa kuogopa. Mjini baba ni mzee mwenye tarumbeta. Hapa Marangu hakuna nyumba ambayo hilo tarumbeta halijamtoa mtu ndani akiwa kwenye jeneza.

Tulianza vizuri kuliko siku zote. Sala ilikuwa fupi. Wimbo wa kwanza watu walitikisa vichwa, wa pili wakacheza, na Hilaria mwenyewe alicheza na sinia la nyama mkononi. Wa tatu ulikuwa wa Basili, ule wa msichana wa Rombo aliyemwacha stendi. Baba ana kipande kifupi pale katikati, na alikipiga vizuri mwanzoni. Halafu akashusha sauti, akaivuta, akatuacha.

Aliingia kwenye ule wimbo wa kutolea jeneza nyumbani.

Ronald aliutambua kabla yangu, akasimamisha ngoma na kuvua kofia. Mimi nikaachia nyuzi. Basili ni Mkatoliki, haujui wimbo ule, akaendelea peke yake kumlilia msichana wa Rombo ubeti mzima kabla hajageuka kutazama. Na pale baa nikasikia viti vinaburutwa. Wote walisimama, dada. Kuna mtu alikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni, akasimama wima nao hivyo hivyo. Baba alikuwa amefumba macho. Alipiga beti zote, na ubeti wa pili aliupiga bila doa.

Sauti ya tarumbeta inapanda mlima haraka kuliko mtu. Kabla hajamaliza tuliwaona kina mama wanashuka, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja na maziwa, mwingine na kuni, na Bibi Elisifa mbele yao na mkungu wa ndizi kichwani. Walikuwa wanakuja msibani.

"Jamani, ni nani ametuacha?" akauliza Bibi Elisifa, hata mkungu hajautua.

"Hakuna msiba, mama zangu," Hilaria akasema. "Ni muziki tu."

Bibi Elisifa akamwangalia baba. "Meku, mzee wangu, muziki gani huu? Unamzika nani hapa?"

"Mke wangu," baba akasema. "Siku ile sikumzika mimi."

Hakuna aliyecheka. Ndizi zilizopelekwa msibani hazirudi nyumbani, na wale mama hawakuwa na mpango wa kuzirudisha. Waliingia jikoni kwa Hilaria bila kuomba, wakamenya, wakapika, wakakaa juu ya makreti kumzunguka baba. Wanywaji walikuja mmoja mmoja kumshika mkono na kumpa pole, kisha wakaenda zao. Baba alikula sahani nzima. Alimsimulia Bibi Elisifa jinsi mama alivyokataa posa yake mara ya kwanza, habari ambayo mimi sijawahi kuisikia. Nililia kwa furaha nyuma ya choo cha baa, nakwambia kweli. Nilijua baba amerudi.

Kesho yake Hilaria alinipigia. Alisema tulipiga vizuri, na anatutaka kila Jumapili hadi Krismasi, watu wanaporudi nyumbani kutoka kila mahali. Ila bila tarumbeta. Alisema anampenda mzee kama baba yake, lakini akipuliza wateja wanaona makaburi ya watu wao na hakuna anayekunywa tena. Siwezi kumlaumu. Basili na Ronald walitaka tukubali, na wao pia siwezi kuwalaumu, maana ndiyo mara ya kwanza mtu kututaka turudi.

Nilikwenda nyumbani nikitafuta maneno ya kumwambia. Sikuyahitaji. Nilikuta amelifunga tarumbeta kwenye kitenge cha mama na kulipandisha juu ya kabati.

"Nimemaliza, Gidi," akasema.

Nikamuuliza amemaliza nini. Hakunijibu, na ndilo linalonikosesha usingizi. Kama amemaliza kuomboleza, mbona hali? Mtori anakula vijiko viwili, anashukuru, anasukuma bakuli. Haulizi tena Jumapili tunapiga wapi. Bendi nimeiacha, maana bila baba ilikuwa na maana gani? Basili na Ronald wamepata kijana wa kinanda na wanapiga kwa Hilaria kila Jumapili, watu wanacheza hadi barabarani. Tunawasikia mpaka hapa. Baba hageuzi hata kichwa.

Jana nilikaa naye barazani tangu mchana mpaka kiza. Nilikuwa navitazama vidole vyake. Vimelala gotini, dada. Havibonyezi kitu.

Mimi nimeshindwa. Nilidhani namtoa kwenye huzuni, kumbe pengine huzuni ndiyo iliyokuwa inamshikilia duniani. Omba ruhusa kazini uje mapema, usisubiri Krismasi. Usitume dawa wala vitamini, njoo mwenyewe. Wewe ukimuuliza jambo huwa anajibu.

Nisalimie sana shemeji Antoni. Kindness mwambie mjomba wake amemwekea ndama, hata kama ni dume. Evelyn anakusalimu, na Bibi Elisifa pia, ambaye hupita kila asubuhi kumwangalia baba na kuondoka bila kuniambia anachokiona.

Baba nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Akasema nikuambie usiwe na wasiwasi, mama ameshazikwa vizuri, na pale pembeni yake pana nafasi ya kutosha.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mapema.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Gidioni