Karatasi Yangu Iko Kaburini

Mantapala, tarehe 9, mwezi wa saba

Yaya Zéphyrin, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe, bibi yako na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka ama bado? Huku sisi tuko wazima. Keren alikuwa na malaria kidogo, lakini amepona na anakula sawa mutu mukubwa. Najua umekasirika. Ulinisubiri huko Pweto siku mbili pembeni ya maji, na mimi sikutokea. Basi kaa chini nikuelezee yote. Na usinikatize, hii ni barua.

Unamukumbuka Mama Kunda, yule Muzambia wa soko la Nchelenge mwenye aliniachia nusu ya meza yake ya samaki wakavu? Amekufa. Nilikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi yetu ya wakimbizi, siku saba kamili. Nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya kikwembe changu cha kujifunga kiunoni, kama sisi wamama wa kwetu tunavyofunga kila kitu cha maana. Nikaenda kilioni, nikalala chini na wamama wengine. Asubuhi ya maziko, Matildah, binti ya marehemu, akatuita tumuage mama yake. Pale kila rafiki anamufunika na kitu chake. Nikatoa kikwembe changu, kile cha maua ya manjano, nikamutandikia kifuani. Wakafunga sanduku, tukazika, tukanawa mikono. Na karatasi yangu ikaenda pamoja naye.

Kesho yake, wakati narudi kambini, polisi wa kizuizi wakaniuliza karatasi. Nikawaambia iko kaburini. Walicheka mpaka mumoja akashika tumbo. Kiisha wakaacha kucheka, wakanipandisha gari.

Kituoni, askari kijana akanisukumia karatasi ya Kiingereza, akaniambia kwa Kibemba nitie kidole tu, mambo yaishe. Kibemba changu ni cha kuuzisha samaki, lakini nilipomuuliza inasema nini, nilielewa: nikitia kidole, nimekubali kwamba sikuwa na ruhusa hata siku moja, na watanivusha kurudi Kongo. Na Keren je? Mutoto wa miaka sita, nilimuacha kwa jirani yangu Bénie! Mimi ng'ambo ya ziwa, yeye huku, nani atamuleta? Nikakunja vidole vyote kumi, nikaviweka kwapani. Nikamwambia neno lenye siwezi kulisoma silitii kidole. Akaita mukubwa wake, mukubwa akapiga meza. Meza ilikuwa yake, apige tu.

Askari mumoja mwanamuke, Chikondi, akanionea huruma, akaniazima simu yake. Nilikupigia wewe kwanza. Unajua ulivyosema: nitie kidole, nisishindane na serikali ya watu, nivuke, utanipokea. Nikakujibu ndiyo, Yaya. Kiisha nikamupigia Hippolyte.

Hippolyte ni mukimbizi mwenzetu, alifundishwa mambo ya sheria ili asaidie watu wa kambi. Mwaka jana alipita kwenye kila pompi ya maji akitufundisha nambari yake kwa wimbo, kwa sababu, alisema, siku ya kukamatwa simu yako haitakuwa mukononi. Weee, tulimucheka! Tuliuimba wimbo wake kwa kumuchokoza, tukijaza mabidoni. Siku ile pale kituoni niliuimba polepole, na nambari ikatoka yote.

Aliniambia neno moja tu: vidole vibaki kwapani mpaka afike. Akafika na baiskeli, jasho tupu. Akamuita avoka wa bure, wakili wa kunitetea, kutoka Mansa, dada mumoja anaitwa Tamara, mwembamba, anaongea taratibu lakini hakuna mutu anamukatiza. Siku ya tatu tukaingia tribinali, mbele ya hakimu. Wakanipa mukalimani wa Kibemba. Tamara akakataa, akasema huyu mama atasikilizwa kwa Kiswahili ama hatuanzi. Wakamutafuta pasta mumoja mwenye anajua Kiswahili. Hippolyte akaleta kopi ya kitabu cha kambi: jina langu liko, ruhusa iko, na siku zake zilikuwa hazijaisha. Matildah akasimama na nguo zake za kilio, akasema kile kikwembe alikiona.

Tamara alikuwa amenipangia jibu fupi: nilisahau. Lakini mushitaki akaniuliza mutu muzima anasahauje karatasi yake, na akaniuliza kwa dharau. Yaya, ile dharau ilinichoma. Nikasema sikusahau. Nilikumbuka sanduku likiwa bado wazi. Niliona lile fundo pale kifuani kwake, mukono wangu ungefika. Lakini nimuvue marehemu nguo mbele ya watoto wake, kwa ajili ya karatasi? Yule mama alinipokea siku nilipofika na mutoto mugongoni, na hakuniuliza karatasi. Nikasema hata leo ningeiacha. Pasta akatafsiri. Tamara akafunga macho. Hakimu akaangalia tena kile kitabu, kiisha akasema ruhusa ilikuwepo, kesi imekwisha, niende kwa mutoto wangu.

Sasa nikuambie neno lenye limenikaa rohoni. Ile ndiyo niliyokujibu kwenye simu ilikuwa uongo. Simu ya Chikondi ilikuwa na unite chache sana za kupigia, na wewe ulikuwa unazimaliza na mashauri. Nilisema ndiyo ili ukate. Unisamehe kwa kukusimamisha kwenye jua siku mbili. Kwa hilo tu. Miaka yote unaniambia nirudi, na mimi najibu tutaona. Hiyo pia ilikuwa uongo. Ndugu za marehemu bwana yangu walipochukua shamba langu, ulikuwepo, Yaya, na ulinyamaza. Huku nimesimama mbele ya hakimu, na watu wenye si ndugu zangu wakasimama na kunisemea. Sirudi.

Umusalimie mama sana, na umusomee barua hii yote, usiruke kitu. Bénie anakusalimia. Keren ameandika jina lake hapa chini, peke yake, usimucheke. Ukitutamani, vuka wewe. Ukishuka kwenye pirogue, ule mutumbwi wa kuvukia ziwa, uliza Kapinga wa Mantapala. Wananijua.

Ni mimi mudogo wako,
Kapinga

KEREN