Baba Mkwe Anazima Shahada Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamtamkia baba mkwe neno ambalo sitaweza kulirudisha. Nina umri wa miaka arobaini na moja, nasanifu mabango na kadi katika duka la uchapaji, na huu ni mwaka wa tano nasomea shahada ya uzamili ya michoro ya kompyuta na teknolojia ya tovuti, masomo ambayo mtu huyasoma nyumbani, huchukua somo analolimudu muhula huo na kuahirisha linalomshinda, nami nimeahirisha mara tatu, ya kwanza kwa uzazi, ya pili kwa ugonjwa wa mume wangu, na ya tatu, nakiri, kwa uvivu tu, hivyo sasa chuo kimeniambia kwamba nisipowasilisha kazi ya mwisho katika siku kumi na mbili zijazo, nitafutwa.

Kazi yenyewe ni tovuti ambayo mgeni huifungua na kutembea ndani ya maktaba ya kale, chumba kwa chumba, huku mwanga wa madirishani ukimfuata, na kila chumba lazima kompyuta ikichore yenyewe kwa saa tisa mfululizo. Viwili vimekamilika siku nilizoshinda nyumbani, vinne bado, kwa sababu naiwasha asubuhi, naenda kazini, na nikirudi jioni naikuta imezimwa, plagi imechomolewa na waya umekunjwa vizuri kama soksi, maana baba mkwe, fundi umeme mstaafu anayeishi nasi, hupita kila chumba, mchana na usiku, akizima kisichokuwa na mtu. Juzi, mara ya nne, aliniambia kwa upole, “Mwanangu, nimekuokolea nyumba tena. Kile chombo kilikuwa kinahema peke yake.” Nikajibu, “Ahsante, baba,” kisha nikaenda kulia bafuni. Hajui kwamba nasoma, kwani niliona haya kuitwa mwanafunzi nikiwa na mtoto wa sekondari, nikasema ni kazi za duka, na mume wangu naye anasema hawezi kumfundisha swichi mzee ambaye mpaka leo ametundika ukutani kibao chake cha bati cha kazini, chenye maandishi mekundu: USIGUSE. FUNDI YUKO KAZINI. Je, nihamie kwa dada yangu, au niache tu?

Mkwe Asiye na Sauti

Mkwe Asiye na Sauti,

Pole, lakini ni pole moja tu. Nyingine zote nampa mzee. Umeniandikia mimi, nisiyekujua hata kwa sura, habari zote za tovuti yako. Yeye, mnayekaa naye meza moja, hukumpa hata sentensi. Alikuta mashine ina moto, feni inalia, chumba hakina mtu. Akafanya alichofunzwa. Ulitaka aoteshwe ndotoni?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha kitabu, na bado wataka kufaulu.

Wala usinieleze habari za kuahirisha. Hiari hiyo uliitumia mara tatu, na kukiri ile ya tatu ndilo jambo la kiungwana pekee katika barua yako. Kwa dada yako usiende: utapoteza siku mbili kufunga mizigo na siku nne kueleza kwa nini umehama, na mzee atabaki akijiuliza amekukosea nini. Kuacha usikutaje tena mbele yangu. Mume wako naye ajue kwamba kumwogopa baba si kumheshimu. Lakini mwache, siri ni yako.

Leo hii mwendee mzee. Usimtume mtoto. Kaa chini, useme: “Baba, mimi ni mwanafunzi, na nilikuficha.” Aibu itakuchoma dakika tano, wewe umeungua miaka mitano. Mwonyeshe vile vyumba viwili, atembee ndani yake kwa kidole chake mwenyewe. Mwombe aikague soketi na waya, akuchagulie mahali penye hewa, kwa kuwa hofu yake ya moto si upuuzi. Vyumba vinne kwa siku kumi na mbili vinawezekana, ukianza kesho na usipoongeza hata dirisha moja. Nawajua nyinyi wasanifu.

Kisha mwombe kile kibao cha bati. Akitundike yeye kwenye soketi, kwa mkono wake. Mtu aliyekitii kibao hicho maisha yake yote hatakikaidi nyumbani mwake, na mwingine yeyote akisogea hapo, utamsikia mzee akimfukuza.