Kiamsha Kinywa cha Watu Wawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tumefunga shule Ijumaa na leo Mama amenishtua. Kesho naenda naye Embu. Mimi!

Mama anauza dawa za mifugo. Kila Jumanne anatoka hapa Nkubu, analala Embu siku mbili, anazunguka maduka ya agroveti, Alhamisi jioni yuko nyumbani na mguu umevimba. Amelala hoteli moja hadi wamempa kadi ya wageni wa kudumu. Ni ya kijani, jina limechapwa: SUSAN KAILEMIA. Mwenye kadi anapata kiamsha kinywa bure, yeye na mtu mmoja anayelala naye chumba kimoja.

"Huyo mtu mmoja amekuwa hewa tangu Machi," Mama amesema. "Sasa awe wewe."

Nimesema sawa. Nilikuwa na maneno mengine kama kumi nyuma ya hiyo sawa. Hayakutoka. Kawaida yangu.

Shosho alikuwa anapeta maharagwe mlangoni. Ni mama yake Mama, tunakaa boma moja, na masikio yake hayajazeeka. Akauliza kama ni kweli tunaenda kula kwa watu bila kulipa. Mama akasema tunalipa chumba. Shosho akasema kulala ni kulala, kula ni kula. Halafu: "Na mnawapelekea nini?"

Mama alicheka. Shosho hakucheka. Ameenda shambani na panga.


Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi Shosho yuko kwenye geti na kiondo. Ndizi mbivu, avokado sita, na mtungi wa lita tatu wa uji wa kuchacha. Hakuna mtu wa boma hili ataenda kula kwa wengine mikono mitupu, hiyo ndiyo hotuba yake.

"Makandi atabeba," Mama akasema, akiingia garini.

Makandi atabeba. Nimepita mapokezi na mtungi wa manjano umesimama kwenye kiondo kama mtoto mgongoni. Dada wa mapokezi anaitwa Njoki, iko kwenye beji. Alitabasamu. Mimi niliangalia viatu vyangu hadi kwenye ngazi.


Jumatano, 6 Agosti

Lazima niandike kila kitu kabla nisahau.

Ukumbi una madirisha makubwa. Meza ndefu ya bafe: nduma, viazi vitamu, soseji, maharagwe ya mkebe, mananasi yamekatwa kama nyota. Watu wa nje wakija kula wanalipa shilingi 1,200 kila mtu, bei iko ukutani. Kwa pembe moja kuna jiko dogo na mpishi mwenye kofia ndefu. Huyo ukitaka mayai lazima umwambie vile unataka. Yaani uongee. Huku watu wamepanga laini nyuma yako wanasikiliza.

Nimekula mkate na maharagwe. Baridi.

Lakini si hilo. Mama alikaa chini. Nyumbani Mama anakula amesimama, kikombe kwa mkono mmoja na simu kwa ule mwingine, huku anauliza nani amefungia kuku. Hapa hakuna sufuria yake, hakuna kuku. Simu aliiacha chumbani ikichaji. Alimenya yai lake polepole kama mtu ana siku nzima. Akaniambia alipokuwa kidato cha pili mwalimu alimwita mbele asome insha, akakimbia hadi chooni na kukaa huko mpaka kengele. Mama! Ambaye anaingia duka la mtu asiyemjua na kumuuzia katoni nzima ya dawa ya kupe.

Nilimuuliza sasa alipona vipi. Akasema hakupona, kila asubuhi anaongea na kioo cha bafu kwanza.

Nikamwambia juu ya Kemia. D. Nilikuwa nimeficha ripoti tangu Ijumaa chini ya godoro. Sijui ilitokaje. Ilitoka tu, kati ya nduma na chai. Hakufoka. Aliniongezea chai.

Tulikaa saa nzima. Mwaka huu wote sidhani nimeongea na Mama saa nzima.

Kiondo bado kiko chumbani. Kwa mlango wa ukumbi wameandika: VYAKULA KUTOKA NJE HAVIRUHUSIWI.


Alhamisi, 7 Agosti

Mama alisema mtungi haurudi Nkubu, atamwambia nini mamake? Kwa hivyo nimengoja watu waishe, nikaenda kwa mpishi nikiwa nimekumbatia kiondo. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa kioo. Nilichosema ni: "Shosho."

Tu. Shosho.

Mpishi aliangalia ndani. Akafungua mtungi, akanusa, akafumba macho. Akauliza ni uji wa wapi, nikasema Nkubu. Akaniambia jina lake ni Gichovi, ni Mmbeere wa Ishiara, na tangu mamake azeeke hajaonja uji umechacha hivi. Akachungulia mlangoni, akachukua kiondo chote, akapotea nacho jikoni. Nikasikia wapishi wanaitana huko ndani. Kisha vikombe.

Nimerudi chumbani nikikimbia. Mama ameuliza kama nimefukuzwa.


Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa Shosho ameuliza kiondo kiko wapi. Nimesema kimebaki Embu. Nilidhani atakasirika, ni kiondo chake kizuri cha mkonge. Ametikisa kichwa tu, ameridhika kabisa. "Kitarudi," amesema. "Wakirudisha kikiwa kitupu, hoteli hiyo mhame."

Mama ameuliza atamfafanulia meneja hivyo kwa lugha gani.


Jumatano, 13 Agosti

Kimerudi.

Gichovi alikuwa ananingoja. Kiondo kimejaa: kilo mbili za ndengu, chupa ya asali ya Ishiara imefungwa kwa gazeti, na mtungi umeoshwa. Amesema vya bafe haruhusiwi kutoa, hata mkate, lakini hivi ni vya kwao nyumbani na hakuna mtu anaweza kumkataza. Amesema nimwambie Shosho walikunywa watu tisa.

Halafu akauliza jina langu, na mayai nataka vipi.

Nyuma yangu kulikuwa na mzee mwenye suti. Nilitaka kusema: vitunguu kidogo, dania nyingi, bila pilipili hoho. Nimesema: "Vyovyote." Nimepewa hoho tupu. Nimekula zote. Mama ananijua, alikuwa anaficha mdomo kwa kikombe.

Leo ameniambia vile alikutana na Baba. Siandiki hapa. Ni yetu ya mezani.


Alhamisi, 14 Agosti

Siku ilianza vizuri, ikaharibika saa tatu.

Njoki ameleta fomu. Hoteli inabadilisha mambo ya kadi. Zamani mwenye kadi alikuwa anapata vyote, sasa achague kimoja cha mwaka mzima. Kisanduku cha kwanza: kiamsha kinywa cha watu wawili. Cha pili: kukaa chumbani hadi saa nane mchana badala ya kutoka saa nne. Irudi kabla ya saa nne, Alhamisi ijayo.

Niliona Mama ameangalia kile cha pili muda mrefu. Alhamisi ndiyo siku ya ripoti zake. Anaziandikia garini, kompyuta kwa magoti, amepaki karibu na stendi.

Kisha nilikuwa bafuni nikamsikia anaongea na mwenzake wa kazi, Elphas, kwa simu. Anasema yeye hiyo chai ya asubuhi hata haijui. Siku zake za kawaida anatoka saa kumi na mbili, jikoni hawajawasha moto. Mwezi huu amesogeza wateja wote hadi saa nne kwa sababu ya Makandi. Shule ikifunguliwa nani atakula hizo soseji?

Nilifungua maji ya bomba ili adhani sijasikia.

Kwa hivyo ile saa nzima alikuwa ananinunulia. Na mimi nilidhani ni bure.

Ni haki achague saa nane. Najua. Ningekuwa mtoto mzuri ningemwambia, Mama, chagua saa nane. Lakini likizo ya Desemba nataka kumpata ameketi. Nyumbani simpati ameketi. Siwezi kusema hili wala lile. Tukirudi nyumbani, njia yote hadi Chuka tumesikiliza redio.


Jumatatu, 18 Agosti

Shosho ameonja asali, amepika ndengu, amewaza siku tatu. Leo ametangaza: anaenda Embu kumwona huyo mtu. Kitu kimetoka kwake kikaenda, kingine kikaja, sasa wao ni jamaa, na jamaa mtu hamsalimii kwa mtungi.

Mama amesema kadi ni ya watu wawili. Shosho amesema yeye si mtu wa kadi, yeye ni mgeni.

Tutalala naye kitanda kimoja. Anakoroma.


Jumatano, 20 Agosti

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Pia nimetaka kuingia chini ya meza. Vyote pamoja.

Asubuhi Mama alisema ana kazi, atakunywa chai ya birika la chumbani, mimi na Shosho tushuke. Wawili ndio hao.

Shosho kwake mtu haketi kula kabla ya kusalimu wenye kula. Kwa hivyo amezunguka ukumbi mzima. Meza kumi na moja. "Muuga," mkono. "Muuga," mkono. Vijana wa mradi wa barabara wameinuka na midomo imejaa. Mzungu mmoja amepewa mkono akashindwa kuuachilia, kwa sababu Shosho alikuwa hajamaliza kumuuliza habari za nyumbani. Na nani anatafsiri? Shosho Kiswahili chake ni cha sokoni Gakoromone: bei gani, punguza, basi. Kwa hivyo ni mimi. "Anauliza kama mmelala salama." "Anauliza kama mvua imefika kwenu." Meza kumi na moja! Kufika ya saba sauti yangu ilikuwa inasikika. Nilijisikia mwenyewe nikashangaa.

Gichovi alivua kofia. Shosho akampa mtungi mpya (ndiyo, alikuja nao) akamwita mwanangu. Wameongea, huyu Kimbeere, huyu Kimeru, wakaelewana kuliko nilivyotafsiri.

Kisha Shosho, akiwa na sahani ya pili ya nduma, akauliza: na Susan anakula saa ngapi? Nikamwambia. Kadi ni watu wawili.

Aliweka uma chini. Akauliza kama ameketi kwenye kiti cha mtoto wake na kula chakula cha mtoto wake. Hakugusa kitu kingine, wala hajaongea hadi jioni hii. Mama ameniuliza nimemfanya nini.


Alhamisi, 21 Agosti

Naandika hapa mezani, kitu sijawahi. Saa tatu na dakika ishirini. Tuko watatu.

Shosho aliamka wa kwanza, akavaa kitambaa chake cha kanisa, akamwambia Mama: shuka ukule. Mama akaanza mambo ya kazi. Shosho akasema kazi gani, ya kukimbia mamako? Tukashuka.

Njoki alikuwa mlangoni na karatasi yake ya majina. Akasema kwa heshima kabisa kwamba kadi ni ya wawili, wa tatu atalipa. Mama akafungua pochi. Shosho akaifunga, na kidole cha Mama ndani. Akatoa kikombe chake cha bati na chupa ya uji kutoka kwa shuka aliyojifunga, akaniambia niseme.

Nimesema. Kwa sauti. Nimesema: "Shosho anasema yeye halipi kwa sababu hali. Amekuja na chakula chake. Amekuja tu kuona mtoto wake akila."

Njoki akatazama ile alama ya vyakula kutoka nje. Akanitazama. Akatazama kikombe. Gichovi akaita kutoka kwa jiko kwamba huyo mama ni wa jikoni, aingie. Vijana wa barabara wakapiga meza. Njoki akaandika wawili, akageuka upande mwingine, lakini nimeona mabega yake, alikuwa anacheka.

Sasa Shosho ameketi wima na uji wake, hagusi hata kijiko cha hoteli, anahesabu kila tonge la Mama. Mama amekula soseji mbili, nduma, nanasi. Akipumzika Shosho anasukuma sahani.

Fomu iko kati yetu, chini ya kibakuli cha sukari. Imebaki nusu saa. Mama ameitoa, ameikunjua. Ameandika jina. Ameandika nambari ya kadi. Sasa ameuliza, bila kuniangalia: "Wewe unaonaje, Makandi?"

Nimemwambia ripoti zake ni muhimu. Hiyo ndiyo imetoka. Amesema mm.

Shosho ameuliza karatasi inasema nini. Mama amemweleza yote mawili, kile cha saa nane na kile cha kula. Shosho amekunywa uji. Amesema yeye hajui kusoma, asiulizwe. Lakini ananiangalia mimi.

Gichovi ameinua mwiko kutoka huko. Kuna watu sita kwenye laini. "Makandi! Leo vipi?"

Nimesimama. Nimemjibu kutoka hapa hapa, sauti ikipita juu ya meza zote: "Vitunguu kidogo, dania nyingi, hoho hapana. Na ya Mama pia. Sisi hukula polepole, usiharakishe. Na Desemba nikirudi ni hivyo hivyo."

Masikio yangu yanawaka. Nimeketi, naandika ili nisiangalie mtu.

Nimeangalia. Mama ameacha kuandika. Ananitazama vile alivyonitazama siku ya ile D, na macho yake yana maji. Kalamu yake iko juu ya kisanduku cha kwanza, kile cha kula, haijagusa karatasi bado. Shosho amemsogezea fomu karibu, kwa kidole kimoja, kama vile anasogeza sahani.